Mtoto wa Chumba cha Surua

Daktari Skolastika alikuwa daktari mzuri, mtu asije akakudanganya. Watoto wengi wa Mpanda waliozaliwa miaka ile ya tisini wako hai kwa sababu ya mikono yake. Ukimletea mtoto aliyepandwa na malaria kichwani haulizi umetoka wapi wala umevaa nini, anakunja mikono ya koti anaanza kazi. Kwa hiyo hii si habari ya daktari mbaya. Ni habari ya daktari mzuri aliyeshikwa na wivu, na wivu wenyewe ulikuwa na jina, na jina lake Nyamizi.

Nyamizi alikuwa binamu yake. Mama yake Skolastika na baba yake Nyamizi walizaliwa tumbo moja, Wakonongo wa kule Inyonga, na kwao binamu ni mtani. Mtani hasa, si wa kuchekeana meno tu. Binamu anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako na wewe huna ruhusa ya kununa. Anaingia jikoni kwako, anafunua sufuria, anakula, halafu anasema chumvi imezidi. Na juu ya yote kulikuwa na mchezo wa kumrudisha mtu njiani. Binamu akishaaga na kushika njia, unamtuma mtu amkimbilie: rudi, nyumba inaungua! Rudi, shangazi kaanguka! Akirudi ameliwa, anatoa kuku. Asiporudi, umeliwa wewe. Hawa wawili walikuwa wanarudishana hivyo tangu wasichana wadogo, na Nyamizi ndiye aliyetoa kuku wengi, maana alikuwa hawezi kusikia mtu kaanguka akaendelea na safari yake.

Sasa huyo Nyamizi alikuwa anasomea udaktari juu ya udaktari. PhD, bwana, huko Uswidi. Na nafasi hiyo, hapa ndipo penye kidonda, kwanza ilikuwa ya Skolastika. Walisoma pamoja chuoni Dar es Salaam, na Skolastika alikuwa wa kwanza, Nyamizi wa pili. Profesa wa patholojia akamwita wa kwanza ofisini: kuna chuo cha Ulaya kinataka mtu wa kutafiti saratani ya mataya ya watoto, utakwenda? Skolastika akacheka kwa aibu, akasema, "Nimechumbiwa, profesa." Profesa akasema hongera, akamwita wa pili. Basi. Hakunyang'anywa, hakuonewa, hakurogwa. Alikataa kwa mdomo wake, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu.

Nyamizi angekaa huko huko Uswidi, yangeisha. Lakini saratani ile haiko Uswidi, iko kwetu. Inawapata watoto wa miaka mitano, sita, saba. Inaanza meno yanacheza, mama anadhani ni meno ya utoto yanabadilika. Halafu shavu linavimba, na uvimbe wenyewe hauna subira, asubuhi unaona hivi na kesho yake umekuwa mwingine, mpaka jicho linasukumwa nje. Wataalamu wanaiita limfoma, moja ya zile kali kabisa. Uzuri wake ni mmoja tu: ikiwahiwa na dawa inayeyuka haraka vile vile. Kwa hiyo Nyamizi akarudi Mpanda, akapewa chumba kidogo nyuma ya maabara ya hospitali, akawa anakuja miezi ya masika na kuondoka, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, akitafuta watoto wenye mataya.

Alichokuwa anakitafuta ndani ya nyama ile alimweleza kila aliyeuliza, hata mpishi. "Ndani ya kila chembe ya mwili," anasema, "kuna jeni moja kazi yake ni kusema kua, kua. Kwa kawaida imelala. Sasa katika ugonjwa huu kipande cha kromosomu kinakatika, kinahamia kwingine na jeni ile ndani yake. Kinaenda kupanga chumba jirani na disko! Huko jirani hawalali, muziki usiku kucha, basi na yenyewe hailali tena. Inapiga kelele kua, kua, kua. Mimi nataka kujua kwa watoto wa kwetu inakatikia wapi hasa. Ni pale pale inapokatikia kwa watoto wa Ulaya, au pengine?" Ili ajue, alihitaji kinyama kibichi, kabla dawa haijamgusa mtoto, kigandishwe hapo hapo ndani ya mtungi wa naitrojeni, baridi ambayo ukifunua kifuniko inatoa moshi.

Mume wake Skolastika, mwalimu Telesphor, alikuwa anasikiliza maelezo hayo mdomo wazi. Nyamizi akija nyumbani kwao Kawajense kula, Telesphor anahamisha kiti chake karibu na mgeni. "Kwa hiyo na malaria inachangia? Na kirusi kiko humo humo? Ebu rudia hapo." Nyamizi anarudia, halafu anamgeukia Skolastika, "Mke mwenzangu, mume wetu huyu ana akili, ulimpata wapi wewe?" Wote wanacheka. Skolastika anacheka kuliko wote. Halafu anakwenda jikoni kuchukua maji ya kunawa na anasimama huko kitambo, ameshika birika. Kwani yeye hajui kromosomu? Yeye ndiye aliyekuwa anamfundisha Nyamizi kromosomu, jamani! Na Telesphor, miaka yote hii, amewahi kumuuliza nini kuhusu kazi yake? Amemuuliza atarudi saa ngapi.

Wivu ukamtafuna hivyo. Ukamtafuna alipoona wauguzi wanamwita Nyamizi "Dokta" na yeye "Mama". Ukamtafuna alipoona viatu vya Nyamizi, viatu tu, vya ngozi laini vya kutembelea barafu. Na akiusema, anausema kwa utani, maana ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo. "Binamu, wewe unaishi kwa mataya ya watoto wetu kama fisi." Nyamizi anajibu, "Na wewe fisi umekosa meno." Wanagongeana mikono. Utani wa binamu hauna kesi, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mmoja wao hakuwa anatania.

Ikafika Machi ya mwaka wa mwisho. Nyamizi alikuwa amebakiza mtoto mmoja. Mmoja tu, hesabu yake itimie, akaandike kitabu chake. Akangoja, akangoja, hakuja mtoto. Naitrojeni ikaanza kupungua, imebaki ya kufika Dar es Salaam tu, na mvua zilikuwa zinakula barabara, kila mtu anasema reli nayo siku yoyote itasombwa. Basi akasema liwalo na liwe, nitaondoka na treni ya Jumatano.

Jumatano hiyo asubuhi Ndaki akaingia hospitalini na baiskeli. Ndaki alikuwa Msukuma wa Mwamkulu, mtu wa ng'ombe na mpunga, mrefu, msemaji mdogo. Nyuma ya baiskeli amembeba mkewe Esteria, na Esteria amempakata mtoto wao Luhende, mwenye miaka sita, kafungwa kitenge kuanzia kidevuni mpaka kichwani. Skolastika akafungua kile kitenge. Taya la kushoto limejaa kama mtu aliyeficha embe shavuni. Akamwambia afunue mdomo, akagusa gego kwa kidole, likacheza. Jicho la upande ule limeanza kutoka.

Alijua hapo hapo. Hakuhitaji hadubini. Na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani, wala hakikuwa ugonjwa wa mtoto, kilikuwa: huyu ndiye mtoto wake wa mwisho. Mungu kamletea mpaka mlangoni, siku ya kuondoka, kama anavyoletewa kila kitu.

Akasema moyoni, hampati.

Tusimwonee. Hakusema mtoto afe. Alijua store ya dawa ina maboksi ya endoksani, ile sindano ya kuyeyusha uvimbe, aliyaona kwa macho yake wiki iliyopita kwenye rafu ya chini. Alipanga vizuri: treni ikishaondoka atamtoa mtoto, atakata kinyama mwenyewe, ataanza dawa mwenyewe leo hii hii, na mtoto atapona mikononi mwa daktari wa Mpanda bila Uswidi kutia mguu. Masaa machache tu. Masaa machache yatamfanya nini mtoto?

"Mpelekeni chumba cha surua," akamwambia nesi.

"Surua, mama? Mbona hana vipele?"

"Nimesema chumba cha surua. Na mlango ufungwe."

Chumba cha surua kilikuwa mwisho wa korido, na hakuna aliyeingia huko bila sababu. Esteria akamfuata nesi na mtoto wake, anashukuru njia nzima.

Nyamizi akaja kuaga. Amevaa suruali ya safari, mtungi wake uko nje kwenye mkokoteni umefungwa kamba kama mbuzi. Akaketi juu ya meza ya Skolastika, akachukua kikombe cha chai cha Skolastika, akanywa.

"Chai yako mbaya."

"Kanywe ya Wazungu wako."

"Binamu, kabla sijaenda." Hapo Nyamizi akaacha kucheka, akaweka kikombe. "Kweli hakuna mtoto? Hata wa kudhaniwa tu? Nimeota usiku kuna mtoto."

Hapo ndipo Skolastika angesema. Neno moja tu lilitosha. Badala yake akajibu kama binamu anavyojibu, jicho kwa jicho, tabasamu mdomoni: "Ningekuwa naye ningemficha, nikuone ukilia stesheni."

Nyamizi akaangua kicheko, akampiga begani. "Mchawi wewe! Una wivu tu!"

"Nina wivu, nifanyeje?"

Wakacheka wote wawili mpaka nesi akachungulia. Ukweli wote ulikuwa umetoka pale mezani, umelala wazi kama samaki sokoni, na Nyamizi akaucheka kwa sababu binamu yake ndiye aliyeusema. Akamkumbatia, akaondoka.

Saa saba honi ya treni ikasikika mpaka wodini. Skolastika akafunga macho, akahisi raha. Nasema raha, mtu asinune. Kitu kilichokaa kifuani kwake miaka kikalegea. Akaosha mikono, akaenda chumba cha surua kumtoa mtoto.

Luhende alikuwa amekaa, hawezi kulala chali. Mate yanamtiririka, na akivuta pumzi kuna mluzi ndani ya koo. Asubuhi mluzi ule haukuwepo. Skolastika akainama, akamulika tochi: uvimbe umeshuka mpaka nyuma ya ulimi. Akakata kinyama kidogo haraka haraka, akakitumbukiza kwenye kichupa cha fomalini, akamwambia nesi aandae dripu, mwenyewe akatoka karibu anakimbia mpaka store.

"Goreth, nipe endoksani."

Goreth, mtunza dawa, akamtazama. "Endoksani ipi?"

"Ile ya rafu ya chini."

"Ile ilikuwa ya Daktari Nyamizi, ya utafiti wake. Alikuja asubuhi kuichukua. Nikamwambia muulize daktari kama kuna mtoto anayeihitaji. Akasema nimeshamuuliza, hakuna. Tabora kuna watoto walioshaanza dozi, wanaingojea." Goreth akaona uso wa mwenzake. "Kwani yupo?"

 Skolastika alishika rafu ile tupu. Treni nyingine ni wiki ijayo, kama reli ingalipo. Barabara ya Tabora imekatika. Mtoto yule wiki hana. Hata siku tatu alikuwa na shaka nazo.

Gari la wagonjwa lilikuwa Mwese, limezama kwenye tope tangu juzi. Akatoka nje, akamkuta Ndaki amechuchumaa kivulini karibu na baiskeli yake. "Baba Luhende, nipeleke stesheni. Dawa ya mtoto imepanda treni." Ndaki hakuuliza imepandaje. Akainua baiskeli. Daktari akakaa nyuma, na koti lake jeupe, na Mpanda nzima ikamwona akipita madimbwini ameshika kiuno cha Msukuma.

Stesheni masta alikuwa Silvester, mtu wa kelele, mwenye simu ya reli ile ya kukoroga kwa mkono. Treni ilikuwa bado haijatoka Katumba. "Una bahati, daktari!" akasema, akakoroga. "Katumba! Katumba! Nani hapo? Mna abiria, Daktari Nyamizi, ana mtungi mkubwa. Mwambieni ashuke arudi na dawa, kuna mtoto mgonjwa Mpanda! Ujumbe unatoka kwa Daktari Skolastika!" Wakangoja. Ndaki amesimama mlangoni, kofia mkononi. Kwenye benchi kuna akina mama na mafurushi yao ya mchele, na katekista wa parokia ambaye kila Jumapili anamsalimia Skolastika kwa heshima.

Simu ikalia. Silvester akasikiliza, akaanza kutabasamu. "Anacheka, daktari. Anasema, mwambie mchawi kuku wangu hampati tena safari hii. Anasema mtoto hayupo, umemwambia mwenyewe." Akacheka na yeye. "Treni imeondoka."

Hapo Skolastika akakaa chini, sakafuni, kwenye ofisi ya watu. Tangu utotoni alikuwa amemrudisha mwenzake kwa uongo wa kila aina, leo ana la kweli na halina tofauti na yale. Aseme mtoto anakufa? Alishawahi kumwambia shangazi kafa. Aape kwa Bikira Maria? Alishaapa, Nyamizi alitoa jogoo siku ile.

"Kituo kinachofuata ni Ugalla," akasema Silvester, sasa hacheki. "Watafika jua likielekea kuzama. Wakitoka hapo, ndiyo basi, ni pori mpaka huko mbele. Tuwaambie nini?"

Wakangoja. Mvua ikanyesha ikakatika. Ndaki alitoka, akarudi. Akauliza mara moja tu, kwa Kiswahili chake cha kubana, "Dawa itarudi?" Skolastika akasema itarudi. Muda wote anageuza maneno kichwani, na kila neno alilolishika lilikuwa la utani, limeshatumika. Likabaki moja. Binamu anatania kila kitu, hata kifo, lakini hakuna binamu aliyewahi kujitukana mwenyewe kwa kweli, mbele za watu, akamtaja aliyemkosea. Hilo halina kuku.

"Silvester," akasema, "mpigie. Halafu sema vile vile nitakavyosema. Usipunguze."

Laini ya Ugalla ilikuwa mbovu, Silvester akalazimika kupiga kelele, sentensi kwa sentensi, na stesheni nzima ikasikia.

"Anasema, mtoto yupo! Anasema alikuwepo tangu asubuhi!"

"Sema nilimficha," akasema Skolastika.

Silvester akamtazama. "Anasema alimficha! Ndiyo! Alimficha! Kwenye chumba cha surua!"

"Sema si utani. Sema nilimficha kwa wivu."

"Daktari..."

"Sema!"

"Anasema si utani!" Silvester akafumba macho akapaza sauti kama anayesoma tangazo. "Anasema alimficha kwa wivu! Wivu! Wa masomo! Anasema ile nafasi ya Ulaya aliikataa mwenyewe, na tangu siku ile anakuonea wivu, na mtoto anakabwa koo, na dawa unayo wewe! Umesikia? Haya rudia!"

Na yule wa Ugalla akarudia, inasikika kwenye chombo kama mbu kwenye kopo, wivu, wivu, na Skolastika akasikiliza mpaka mwisho.  Katekista alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndaki ndiye aliyesema. Alikuwa ameelewa, Kiswahili chake kilitosha kwa hilo. "Wivu wa nini, daktari?" akauliza, wala si kwa ukali. "Mtoto ni wangu mimi."



Simu ikalia. Silvester akasikiliza muda mrefu. "Ameshuka," akasema. "Hakusema kitu. Ameshuka na begi la dawa. Mtungi mzito, umebaki kwenye treni, amemkabidhi mtu. Mafundi wa reli watamleta na kiberenge kukipambazuka."

Ndaki akamrudisha daktari hospitalini kwa baiskeli ile ile.  Skolastika akakesha na mtoto, kamkalisha wima kifuani kwake, anamfyonza mate kwa mpira, anahesabu pumzi. Na asubuhi Nyamizi akaingia wodini, matope mpaka magotini, midomo imekauka kwa upepo wa kiberenge.

Skolastika akasimama. "Binamu..."

"Shikamoo, daktari," akasema Nyamizi. Walikuwa wa rika moja, hawajawahi kuamkiana hivyo maishani. "Naomba dripu ya pili. Tumnyweshe maji mengi kwanza, uvimbe huu ukiyeyuka haraka utaziba figo." Akafungua begi.

Walifanya kazi pamoja siku ile na siku zilizofuata, na walifanya vizuri, mikono yao ilijuana tangu chuoni. Kila kitu Nyamizi aliomba kwa adabu. Naomba sindano, daktari. Ahsante, daktari. Naomba nafasi nipite, daktari. Chai akanywa kwenye kikombe chake. Usiku alilala kwa masista, na Telesphor alipokuja kumwalika chakula akasema ahsante shemeji, msijisumbue. Telesphor akarudi nyumbani anauliza, mmegombana? Skolastika akasema hatujagombana. Na kweli hawakugombana. Angetoa kuku mia apate ugomvi mmoja.

Mtoto akayeyuka uvimbe. Nani hajafurahi kuona kitu kile? Siku ya pili mluzi ukatoka kooni. Siku zilivyosogea jicho likarudi ndani, shavu likalegea kama mpira uliotolewa upepo, na asubuhi moja Luhende akaomba ugali, si uji, ugali, na samaki. Esteria akapiga vigelegele mpaka wodi ya wazazi wakaitikia. Alimshika mikono Skolastika, akaibusu. Ndaki hakuwa amemwambia kitu. Ndaki alikuwa amesimama upande wa miguuni mwa kitanda, anatazama.

Silvester akaja asubuhi hiyo hiyo, kofia kwapani, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Daktari Nyamizi, nimepata Tabora kwenye simu. Mtungi ulishushwa hapo kukungoja, uko salama, hakuna aliyeuiba. Lakini yule uliyemkabidhi aliufungua kama ulivyoagiza. Anasema hauna moshi. Mkavu. Vyote vya ndani vimeyeyuka, anasema vinanuka."

 Miaka miwili. Watoto wote wale, mataya yote yale, na baadhi yao wameshakufa, hawawezi kukatwa tena. Nyamizi akakaa polepole pembeni ya kitanda cha Luhende. Hakulia. Aliweka kiganja chake juu ya goti la mtoto, akabaki hivyo.

Na Skolastika, niliseme tu kama lilivyokuwa, alifurahi. Hakutaka. Furaha ilipanda yenyewe kutoka tumboni, ya moto, ikafika usoni kabla hajaikamata: hana tena. Sasa tuko sawa. Ilidumu kiasi cha kupepesa jicho, na nyuma yake ikaja aibu ikamfunika mpaka masikioni. Lakini alipoinua uso, Nyamizi alikuwa anamtazama. Ameiona. Ameiona yote, tangu ilipoanza.

Nyamizi hakusema kitu kuhusu hilo, wala siku ile wala nyingine. Aliinuka, akaenda kwenye beseni, akanawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja.

"Daktari," akasema, "mimi naondoka na treni inayokuja. Mtoto huyu bado ana dozi mbele yake, akizikosa ugonjwa unarudi. Dawa zote nakuachia wewe. Naweza kukuamini?"

Hapo, mbele ya manesi wake, mbele ya Esteria aliyekuwa hajui kwa nini anaulizwa swali kama hilo mtu aliyemponya mwanawe.  "Ndiyo," akasema Skolastika. "Unaweza."

Nyamizi akatikisa kichwa kukubali, lakini macho yake yalikuwa yameshavuka bega la Skolastika, yanamtazama baba wa mtoto.

"Mimi nitakuwepo," akasema Ndaki. "Kila sindano, nitakuwepo."